Sindano ya Kila Wiki Nne

Dawa yenyewe ni unga mweupe ndani ya kichupa. Nesi hutia maji, hukitikisa mpaka dawa iwe kama maziwa, kisha huchoma bila kukawia, maana ikituama huziba sindano. Mtoto hutoka akichechemea. Baada ya wiki nne anatakiwa arudi, na hivyo hivyo kwa miaka.

Ni benzathini penisilini. Mwaka 1952, huko Marekani, Gene Stollerman na mwenzake walieleza kuwa sindano moja kwa mwezi huizuia homa ya baridi yabisi isirudi. Homa hiyo huanzia kooni: kinga ya mwili ikipambana na bakteria wa streptokoka, hugeukia na vali za moyo. Vali ikishakunjamana, bakteria wowote waliopenya kwenye damu, hata kwa jino bovu, hupata pa kunasa na kuzaliana. Maambukizi hayo ya ndani ya moyo yasipotibiwa huua.

Mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo wa kuwapa antibiotiki wenye moyo mbovu kabla ya kung'olewa jino. Mwaka 2007 kikaupunguza: wakabaki walio hatarini zaidi, kama wenye vali bandia. Vali iliyoharibiwa na baridi yabisi, peke yake, ikaondolewa. Nchi tajiri zinaweza kujadili kidonge cha kabla ya jino. Baridi yabisi karibu zimeisahau. Kwetu, naamini, vita ni kuiwahi vali ingali nzima.

Na ushahidi umetoka Uganda. Huko Gulu, watoto 818 ambao kipimo cha moyo kilionyesha dalili za mwanzo za vali kuharibika waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, waliochomwa sindano ambao ugonjwa wao ulizidi ni 3. Wasiochomwa ni 33. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021.

Orodha ya kitaifa ya Uganda ya wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi ilianzia hospitali ya Mulago, ikafika Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa, jirani na wilaya ya Isingiro. Lakini kutoka Nakivale, makazi ya huko Isingiro yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Mbarara ni safari ya nauli. Humo familia hulala chumba kimoja, na koo la mmoja huwa la wote. Mama husema, "Ni koo tu, litapoa." Kweli hupoa. Maumivu ya magoti, dalili ya homa ya baridi yabisi, huja wiki mbili tatu baadaye, wakati koo limeshasahaulika.