Diski iliyochomoza: kubashiri haja ya upasuaji

Diski iliyochomoza ni hali ambapo kiini laini cha diski, mto ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, hupenya ukuta wake na kubana au kuwasha neva iliyo jirani. Hutokea zaidi sehemu ya chini ya kiuno, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno (L4-L5), na kati ya hiyo ya tano na mfupa wa nyonga ulio chini yake (L5-S1). Dalili yake kuu ni saiatika: maumivu yanayoshuka kutoka takoni hadi mguuni. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba diski hiyo ndiyo chanzo, na kwamba upasuaji huleta nafuu. Tangu hapo madaktari hutafuta namna ya kumtambua mapema mgonjwa atakayeuhitaji.

Wasiopaswa kusubiri

Mgonjwa anayeshindwa kukojoa, asiyeweza kuzuia haja, au aliyekufa ganzi msambani, huenda amebanwa fungu la neva la mwisho wa uti wa mgongo. Hiyo ni dharura. Akichelewa, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Udhaifu wa mguu unaozidi siku hadi siku nao huhitaji kuonwa na daktari wa upasuaji haraka.

Wengine wote

Wengi hupona bila kisu katika wiki au miezi michache, kwa kuwa mwili huweza kukifyonza kipande kilichotoka. Vipande vikubwa vilivyokatika kabisa mara nyingi hunywea zaidi kuliko uvimbe mdogo wa diski, hivyo ukubwa pekee si hukumu ya upasuaji.

Picha ya MRI nayo ina mipaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 uliwapima watu 98 wasio na maumivu ya mgongo: asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyovimba, na asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza. Picha huwa na uzito inapolingana na mguu unaouma na neva iliyoathirika.

Viashiria

Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na saiatika kali kwa wiki 6 hadi 12, wengine wakipangiwa upasuaji wa mapema na wengine kusubiri. Kati ya waliopangiwa kusubiri, asilimia 39 walipasuliwa ndani ya mwaka mmoja, hasa waliokuwa tangu mwanzo na maumivu makali zaidi ya mguu na ugumu mkubwa wa kufanya shughuli za kila siku. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia uwezekano wa kupona ulikuwa asilimia 95 katika makundi yote mawili.

Kwa hiyo, pasipo dharura, mgonjwa ana haki ya kuelezwa njia zote mbili na kushiriki kuamua. Aelezwe pia kwamba upasuaji huu hutibu maumivu ya mguu vizuri kuliko ya mgongo. Anayeumwa mgongo tu, hata picha yake ikionyesha diski iliyochomoza, hana sababu ya kutosha ya kupasuliwa diski hiyo.