Besi ya Dansi na Njia ya Reli ya Mpanda

Mpanda ni mji wa magharibi mwa Tanzania ambao historia yake ya muziki haitengani na reli, kwa kuwa tawi la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi, ndilo lililouunganisha na Tabora na, kupitia Tabora, na Dar es Salaam. Enzi za ukoloni Mpanda ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, na jina la jimbo hilo ndilo lililobebwa na Western Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1959 na kusifika kwa mtindo wa Saboso, huku Tabora Jazz ikivuma kwa mtindo wake wa Segere Matata.

Katika bendi za dansi za namna hiyo, besi ni gitaa la nyuzi nne nene, ambazo sauti zake ziko oktavo moja chini ya nyuzi nne nzito za gitaa la kawaida. Kabla yake kazi ya kutoa sauti nzito ilifanywa na besi kubwa ya mbao ya kusimama, ambayo taarabu ya Zanzibar imeitunza hadi leo, au na sanduku, chombo cha muziki wa kidumbaki wa Zanzibar kinachoundwa kwa sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja. Gitaa la besi la umeme lililotolewa na Leo Fender nchini Marekani mwaka 1951 lilimpunguzia mpigaji mzigo wa kubeba, lakini likamfunga kwa amplifaya, spika pana na umeme; na katika mji kama Mpanda, ambao kwa miaka mingi ulipata umeme kwa mashine za dizeli, masharti hayo hayakuwa madogo.

Hata hivyo jambo lililoamua zaidi maisha ya mpiga besi wa Tanzania lilikuwa umiliki wa vyombo. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na baadaye ikaitwa Juwata, Ottu na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983. Polisi, magereza na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Gitaa, amplifaya na spika vilikuwa vya taasisi, na mwanamuziki aliyehamia bendi nyingine aliviacha, akaenda na vidole vyake tu. Ndiyo sababu Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa Msondo aliyepewa jina la Kompyuta, hatambuliwi kwa aina ya gitaa alilopiga bali kwa mpangilio wa mapigo yake, na kipimo hicho ni cha haki kuliko kile cha kuhesabu vifaa.

Mpangilio huo unastahili kuelezwa. Besi ya dansi, iliyojifunza mengi kutoka rumba ya Kongo na, nyuma yake, muziki wa Kuba, haiufuati wimbo neno kwa neno. Hupiga noti chache, hunyamaza mahali ambapo sikio lilitarajia pigo, kisha hujibizana na ngoma za tumba, na wimbo unapoingia kwenye chemko, yaani sehemu ya mwisho yenye kasi ambamo magitaa hutawala, hushikilia mzunguko mfupi unaowabeba wachezaji. Utamu huo ulimfikia kwa shida msikilizaji wa mbali. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa wingi na kuzirusha nchi nzima, lakini spika ndogo ya redio ya betri haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito, kwa hiyo aliyezijua nyimbo hizo kwa redio pekee alisikia waimbaji, solo na tarumbeta vizuri, na besi kwa kivuli chake. Besi kamili ilisikika ukumbini, pale bendi iliposafiri na spika zake, nayo safari ya kwenda Mpanda ilikuwa ndefu. Siku hizi, katika kwaya nyingi za makanisa, sauti hiyo ya besi hutolewa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.