Dansi na Usiku wa Juba: Kutoka Mapatano ya 1972 hadi Zama za Bilpam

Historia ya Sudan Kusini imeandikwa zaidi kwa kalenda ya vita na mikataba. Makala haya yanaitazama kupitia ukumbi wa dansi, yakishikilia kwamba uhuru wa raia kutoka usiku kwenda kucheza ni kipimo cha amani kisichoweza kutolewa na sahihi za viongozi peke yake.

Mapatano ya Addis Ababa ya Februari 1972 yalikomesha vita ambavyo mizizi yake ni maasi ya Torit ya Agosti 1955. Wakimbizi walirejea kutoka Uganda, Kongo na kwingineko, na Juba ikawa makao ya serikali ya eneo la Kusini. Wengi walirudi na masikio yaliyokwisha kuzoea magitaa ya rumba. Bendi kama Rejaf Jazz na Skylarks zilistawi katika mazingira hayo, zikiimba aghalabu kwa Kiarabu cha Juba. Dansi lao lilikuwa muziki mbadala kwa maana ya kihistoria: liliegemea Kinshasa, Kampala na Nairobi kuliko Khartoum. Msafiri kutoka Afrika Mashariki aliyeingia ukumbini angeitambua midundo hiyo hata kama hakuyaelewa maneno.

Mwaka 1983 ulivuruga mambo. Mwezi Mei askari waliasi Bor. Juni eneo la Kusini likagawanywa. Septemba zikatangazwa sheria zilizopiga marufuku pombe. Ukumbi wa dansi hutegemea vinywaji, wateja na njia salama ya kurudi nyumbani, na vyote vitatu vilitiwa mashakani. Wakati huohuo, katika kambi ya Bilpam nchini Ethiopia, makuruta wa SPLA walifunzwa kuimba kwa pamoja. Huko wimbo ulikuwa chombo cha nidhamu: mguu ulifuata amri, haukufuata gitaa.

Mkondo wa tatu ulizaliwa uhamishoni. Kambi ya Kakuma ilianzishwa Kenya mwaka 1992, na vijana wengi walikulia humo au mijini, wakijifunza Kiswahili na muziki wa rika lao. Emmanuel Jal, aliyepata kuwa askari mtoto, alianzia Nairobi safari yake ya kurap. Mwaka 2005, mwaka wa mkataba wa amani, alitoa albamu ya Ceasefire pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki wa Sudan ya Kaskazini. Vijana wa kizazi hicho waliporejea Juba, Kiswahili kilikwisha kufika katika starehe za mji kabla ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Jina la Bilpam nalo lilirejea, safari hii likiwa la makao makuu ya jeshi mjini Juba. Hivyo kambi na ukumbi vikawa katika mji mmoja. Mapigano ya Desemba 2013 yalipozuka, raia waliamriwa kutotoka nje tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Amri kama hiyo ilitolewa tena Julai 2016 na Januari 2025. Kwa ukumbi wa dansi, saa hizo ndizo siku yake ya kazi. Anayepoteza riziki si mpigaji gitaa pekee, bali pia mhudumu, mchoma nyama na dereva wa bodaboda.

Mkataba wa Septemba 2018 unataka majeshi yaondolewe katika maeneo ya raia. Washauri wa sera wanaopima utekelezaji wake huhesabu vikosi na silaha. Hawana budi kuuhesabu pia usiku: amri ya kutotoka nje itangazwe pamoja na ukomo wake, na kanda za bendi za zamani zihifadhiwe kama nyaraka za taifa. Mji ambao raia wake hurudi salama kutoka dansini alfajiri umekwisha kupata amani ambayo gwaride haliwezi kuithibitisha.