Nani Aliupima Mwili Wetu? Historia Fupi ya Nguo, Saizi na Mtumba



Likishaingia kumi la mwisho la mwezi huu mtukufu, njia zote za Kitale na Bungoma huelekea sokoni. Kila mtu anatafuta nguo ya Idd. Na kila mwaka utayasikia maneno yale yale kutoka kwa dada zetu, na siku hizi hata kwa mabarobaro: "Hii nguo ni nzuri, lakini mwili wangu ndio mbaya." Ati mwili ndio wenye makosa, si nguo! Maneno haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Yana historia, na ni vizuri tuijue.

NGUO ISIYO NA NAMBA

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya ukoloni, Wabukusu, Wasabaoti na majirani zao walivaa ngozi, shanga na mapambo ya chuma. Ngozi haina saizi. Hata katika tohara ya Wabukusu, ambayo hadi leo hufanywa mwezi wa nane katika miaka ya shufwa, kijana hupakwa udongo wa mtoni akasimama karibu uchi mbele ya kijiji kizima. Hakuna anayeuliza kama ni mnene au mwembamba. Wanachotazama ni kama atatikisika au la.

Kisha kikaja kitambaa. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kwa Nabongo wa Wanga, pale tunapopaita leo Mumias. Ilibeba merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Marekani na kuingia Zanzibar kwa wingi tangu miaka ya 1830. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kanzu na Uislamu huku magharibi. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, mwenyewe alisilimu.

Si kwamba nguo za zamani hazikuwa na ubaguzi. Zilikuwa nao, tena mkali. Zanzibar, mtumwa wa kike alijulikana kwa kaniki au merikani aliyojifunga. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha nguo hizo wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui. Kwao kanga ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu.

Lakini angalia jambo moja. Kanga, kanzu, shuka na buibui zilionyesha cheo cha mtu, ila hazikuuliza kiuno chake kina inchi ngapi. Jozi moja ya kanga humfunga bibi mnene leo, na kesho ikamfunga mjukuu wake mwembamba. Nguo ndiyo iliyoufuata mwili.

KAPTURA NA CHEREHANI

Mwaka 1902 wamishenari wa Kikweka kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi. Ukristo, shule na nguo za kushonwa vikaenda pamoja. Huku Trans Nzoia walowezi wakachukua mashamba, na reli ikafika Kitale katikati ya miaka ya 1920. Mtu mzima mwenye wake na watoto alivalishwa kaptura, sawa na mtoto wa shule, akaitwa "boi". Mpishi wa mzungu akavalishwa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, vazi ambalo pwani lilikuwa la heshima. Yaani hapo mwili wa Mwafrika ulivalishwa ili uonekane ni wa kutumwa tu.

Hata hivyo, saizi bado ilikuwa yako mwenyewe. Barazani mwa duka la Mhindi alikaa fundi na cherehani ya miguu. Ulinunua kitambaa, akakupima bega, kifua, kiuno na urefu, akakushonea. Kila mteja na vipimo vyake.

NAMBA ZILITOKA WAPI?

Namba tunazoziona kwenye lebo zilizaliwa kiwandani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, ilibidi kushona sare za askari kwa malaki, na hapakuwa na muda wa kumpima kila mmoja. Wakachukua vipimo vya wengi, wakavigawa katika mafungu. Ndiyo saizi hizo.

Kwa wanawake, serikali ya Marekani ilifanya upimaji mkubwa mwaka 1939 na 1940. Wanawake karibu 15,000 walipimwa, na ripoti ikatoka 1941. Hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Mwaka 1958 kikatoka kipimo rasmi kilichotegemea kazi hiyo, na baadaye kikaachwa. Makampuni yakawa yanajipangia. Ndiyo maana saizi 8 ya leo ni kubwa kuliko saizi 8 ya 1958, na blauzi mbili zenye namba moja hazilingani.

Sasa fikiri, dada yangu. Mama yako wa Chwele hakuwemo kwenye hesabu ile, wala nyanya yako. Vipi namba hiyo iwe hakimu wa mwili wako?

KUTOKA KUPIMA HADI KUHUKUMU

Hatari kubwa ilikuja pale waliopima walipoanza kuhukumu. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810 akaonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio ili watazame makalio yake. Alifariki Paris mwaka 1815. Hata maiti yake haikusitiriwa: mifupa na viungo vyake viliwekwa katika makumbusho, vikatazamwa mpaka miaka ya 1970. Alirudishwa kwao na kuzikwa mwaka 2002. Miaka 187 bila kaburi!

Mwaka 1940 mwanasaikolojia wa Marekani, William Sheldon, aliwagawa watu katika aina tatu za mwili: wanene, wenye misuli na wembamba. Kisha akadai kila aina ina tabia yake, kwamba mnene ni mpenda raha na mwembamba ni mwoga wa watu. Wanasayansi wameshayakataa madai hayo ya tabia. Lakini barazani bado tunayarudia: kibonge ni mvivu, mwembamba ni mgonjwa.

MTUMBA UKIFUNGULIWA

Mapema miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara na nguo za mitumba zikafurika. Viwanda vyetu vikayumba. Kicomi ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret nayo ilifilisika, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Mtumba umetuvalisha wengi kwa bei nafuu, hilo tusilikane. Lakini kila gauni linalotoka humo lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, wa nchi nyingine. Likibana nyonga na kupwaya kiuno, si maajabu. Kwa hiyo kando ya wauza mitumba utamkuta fundi, kazi yake kuachia hapa na kupunguza pale. Yeye anajua tangu zamani kwamba kinachorekebishwa ni nguo.

Tazama pia sanamu za madukani. Kuna zile nyembamba kama njiti, na kuna za siku hizi zenye nyonga pana na kiuno cha nyigu. Umbo lile lile walilolicheka kwa Sarah Baartman, leo linatumika kuuzia nguo. Wasichana wanameza vidonge ili wanenepe nyonga, wengine wanajinyima chakula ili wapungue. Fasheni ikigeuka, watafanya kinyume chake. Mwili utahimili mara ngapi?

SOMO KUTOKA KWA MASAHABA

Sisi tuna historia nyingine ya kujifunza. Abdullahi bin Mas'ud (r.a.) alikuwa mfupi na mwembamba mno. Siku moja upepo ulimfunua miguu, masahaba wakacheka wembamba wa miundi yake. Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa miundi hiyo ni mizito katika mizani kuliko mlima Uhud. Bibi Sauda (r.a.), mama wa waumini, alikuwa na mwili mkubwa kiasi cha kutambulikana kwa mbali. Umar (r.a.) alikuwa mrefu sana. Wote hao tunawapenda, na hakuna anayewakadiria kwa kilo.

Hii si kusema tusijali afya. Sukari na presha ni maradhi ya kweli, mwone daktari. Lakini kuna wanaofunga Ramadhani hii huku hesabu yao ni kilo watakazopunguza kufikia Idd. Ndugu yangu, angalia nia yako isije ikakupotezea funga.

Na wewe mwenye mazoea ya kumwita mwenzako "kibonge" au "njiti" pale msikitini baada ya tarawehe ukidhani ni utani, acha. Kuna dada anayekosa darasa za madrasa kwa sababu ya neno kama hilo. Dada huyo akija, mkaribishe. Nguo yake ikimbana, mpelekeni kwa fundi, mchangieni pesa za kuishonesha. Hiyo nayo ni sadaka.

Wabillahi tawfiq. Idd njema mapema.