Diski za Zamani na Ruhusa ya Kunakili

Kasha lililokabidhiwa chama chetu lilikuwa na diski laini kumi na moja za inchi 3.5, zimeandikwa kwa kalamu: "Toleo", "Mashairi", "Hesabu". Kusomeka zilisomeka, kwa kifaa tulichoazima. Lakini majina ya faili yaliishia na herufi ARC, na kompyuta zetu hazikujua la kuzifanya. Ndipo tulipoanza kusaka programu ndogo za zamani, na tukajikuta tunasoma historia yake.

Mwaka 1982 Wamarekani wawili, kila mmoja kivyake, waliamua kutafuta riziki kwa njia ngeni. Andrew Fluegelman alikuwa na PC-Talk, ya kupeleka data kwa simu. Jim Knopf, aliyejiita Jim Button, alikuwa na PC-File, ya kutunzia orodha. Badala ya kukataza watu wasinakili, waliwahimiza: nakili, mpe rafiki, na ukiridhika tuma pesa kidogo. Mwaka uliofuata Bob Wallace, aliyekuwa ametoka Microsoft, alitoa PC-Write ya kuandikia. Diski ilikuwa dola 10, kujiandikisha dola 75, na mtu akijiandikisha kutokana na nakala uliyompa, wewe ulilipwa dola 25. Tusidanganyane, waliotumia bila kulipa walikuwa wengi. Hata hivyo Button aliacha kazi IBM, kwa kuwa PC-File ilimpa kipato kizuri kuliko mshahara.

Herufi ARC zilitoka kwa kampuni ndogo ya System Enhancement Associates. Laini za simu zilikuwa za polepole na diski ndogo, hivyo kila mtu alihitaji programu ya kubana faili. Phil Katz wa Milwaukee akatengeneza yake, iliyofanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Mwaka 1988 kampuni ilimshtaki kwa kunakili kazi yake, na shauri likaisha kwa mapatano. Watumiaji wengi walimtetea Katz na kuisusia kampuni, nasi tunaona hawakuitendea haki, maana yeye alikuwa amechukua sehemu ya kazi yao. Lakini alilofanya baadaye ndilo linalotunufaisha hadi leo. Mwaka 1989 alitoa muundo mpya, ZIP, na maelezo yake akayaweka wazi ili yeyote aweze kutengeneza programu ya kuufungua. Kila faili ya kawaida ya ZIP huanza na herufi PK, za jina lake. Faili za Word za siku hizi, zile za docx, kwa ndani ni ZIP pia, kwa hiyo hata insha hii ilipomfikia mhariri ilianza na PK. Katz alifariki mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 37.

Programu hizi zilikusanywa katika hazina iliyoitwa Simtel, iliyokaa kwa miaka mingi kwenye kompyuta ya jeshi la Marekani huko White Sands, New Mexico. Ilipofungwa mwaka 1993, yaliyokuwemo yalihamia kwa kampuni ya Walnut Creek, California, iliyoyauza kwenye CD. Nakala za CD hizo zimo katika Internet Archive, nasi tulikwenda kutafuta humo. Programu ghali za dukani za enzi ile hazikuenea hivyo, kwa sababu kuzinakili kulikuwa kosa.

Tulipata programu ya kufungulia ARC, tukaiendesha ndani ya DOSBox, inayoigiza kompyuta ya zamani. Diski tisa zilifunguka. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu wala chini, hivyo mashairi yalitoka mazima, hata ile alama ya ng'ombe na ng'ambo. Kichwa kimoja cha Kiarabu kilitoka mistari na vijumba vitupu. Tumeweka maandishi yote kwenye kompyuta ya chama, pamoja na programu iliyoyafungua.

Diski mbili za "Hesabu" bado zimegoma. Mwanachama mwenye nakala zake, au mwenye kasha jingine chini ya kitanda, alilete Ijumaa kabla ya mkutano.