Gojira na Nakala Yake ya Marekani

Msomi wa tenzi za kale hukutana mara kwa mara na nakala mbili za utungo mmoja zisizolingana. Katika moja zimo beti ambazo katika nyingine hazimo. Hapo kazi yake haiishii katika kuhesabu beti zilizopungua. Humpasa aulize ni mkono wa nani uliozipunguza, na kwa ajili ya wasikilizaji gani. Sinema ni sanaa changa kuliko utenzi, lakini nayo ina nakala zake na wanakili wake. Katika makala haya nakusudia kulinganisha nakala mbili za sinema moja ya kutisha: Gojira, iliyoonyeshwa Japani mwaka 1954, na ile iliyotengenezwa kutokana nayo kwa ajili ya Wamarekani mwaka 1956, ikaitwa Godzilla, King of the Monsters!

Asili ya Gojira haieleweki pasipo habari za mwaka ule. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Nguvu zake zilizidi mara mbili kadiri iliyotazamiwa na wataalamu. Chombo cha wavuvi wa jodari, Daigo Fukuryu Maru, kilikuwa nje ya eneo lililokatazwa. Juu ya hayo, majivu meupe yenye sumu yaliwanyeshea wavuvi wake 23. Walifika bandari ya Yaizu wakiwa wagonjwa, na tarehe 23 Septemba mpeleka simu wao, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia. Samaki walipimwa masokoni, wengi wakatupwa. Watu wakaogopa kitoweo, wakaogopa na mvua. Wanawake wa Suginami, sehemu moja ya Tokyo, walikuwa mbele katika kukusanya saini za kupinga mabomu hayo, na mwaka 1955 saini za nchi nzima zilikuwa zimepita 30,000,000.

Hofu hiyo ilikuta jeraha ambalo halijapata kusemewa vya kutosha. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki tarehe 9. Lakini katika miaka ya utawala wa majeshi ya washindi, uliokwisha Aprili 1952, habari na picha za maangamizi hayo zilibanwa sana na wakaguzi. Ishiro Honda, aliyeiongoza sinema hii, alikuwa askari aliyerejea kutoka Uchina mwaka 1946, akapita Hiroshima na kuona mji uliogeuka magofu. Alipopewa kazi ya kuonyesha dubwana linaloangamiza mji, hakuwa na haja ya kuazima kitisho chake katika ngano.

Gojira ilionyeshwa tarehe 3 Novemba 1954, siku 41 tu baada ya kifo cha Kuboyama. Inaanza na mabaharia wanaopumzika juu ya sitaha. Ghafula nuru kali yatoka baharini, na chombo chateketea. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kuelezwa. Baadaye yajulikana kwamba dubwana la zama za kale, lililojificha vilindini, limefukuzwa makaoni mwake na majaribio ya bomu la haidrojeni. Ndani ya gari moshi mwanamke mmoja awaambia wenzake kwamba aliokoka Nagasaki, na sasa, baada ya jodari wa sumu na mvua ya sumu, anakuja Gojira. Bungeni wajumbe wagombana: hawa wataka habari ifichwe isije ikaharibu uhusiano na mataifa ya nje, wale wadai watu waambiwe kweli. Mji ukiisha kuungua, hospitali yaonyeshwa imejaa majeruhi. Mtaalamu ampima mtoto kwa mtambo wa kupimia miali, kisha atikisa kichwa. Mwishowe Dk. Serizawa, aliyevumbua silaha inayoweza kuliua dubwana, achoma karatasi zake zote na kufa pamoja nalo chini ya bahari, ili siri ile isipate kutumiwa na watawala.

Wanunuzi wa Marekani walichukua sinema hiyo ya dakika 96, wakakata sehemu nyingi, wakatia nyingine mpya zilizoongozwa na Terry Morse, jumla ikawa dakika 80. Waliingiza mtu mpya, mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Steve Martin, aliyeigizwa na Raymond Burr. Yeye ndiye anayesimulia tangu mwanzo, naye atazama maafa huku Mjapani mmoja akimfasiria. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akanyamaza.

Si haki kusema kwamba bomu lilifutwa lote. Katika nakala hiyo pia Dk. Yamane aeleza kwamba majaribio ya haidrojeni ndiyo yaliyomwamsha Gojira. Lakini mwanamke wa Nagasaki hayumo tena, jodari hawamo, ugomvi wa Bunge haumo. Bomu limebaki kuwa sababu ya kuzuka kwa mnyama. Limeacha kuwa jambo lililowapata watu fulani, mwaka fulani, kwa mkono wa taifa fulani. Hii ndiyo tofauti kubwa ya nakala hizi mbili, nayo haikuhitaji uongo wowote. Kupunguza kulitosha.

Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuwapimia wanakili kwa kipimo cha haki. Walikuwa wafanyabiashara waliotaka watazamaji wengi, na waliamini kwamba Mwamerika hatavumilia sinema nzima isiyo na uso wa kwao wala lugha yake. Tena ilikuwa miaka 11 tu tangu vita. Watu waliozoea kuonyeshwa Mjapani kama adui walionyeshwa Wajapani wanaolia, wanaouguza na wanaojitoa mhanga; hata katika nakala iliyokatwa, shujaa wa mwisho ni Serizawa. Nakala hiyo ndiyo iliyolieneza jina la Godzilla katika nchi nyingi, na mwaka 1957 ilipelekwa hata Japani kwenyewe. Lakini desturi ya kutoa kitu na kuzuia neno haikuwa ya sinema peke yake. Januari 1955 serikali ya Marekani ililipa dola 2,000,000 kwa ajili ya madhara ya majaribio yale, pasipo kukiri wajibu wa kisheria.

Tazama sasa miisho ya nakala hizi. Katika ile ya kwanza, Dk. Yamane, hali akiombolezea wafu, asema haamini kwamba huyu alikuwa Gojira wa mwisho. Majaribio yakiendelea, mwingine atatokea mahali pengine duniani. Katika ile ya pili onyo hili halimo. Msimulizi wa Kimarekani atangaza kwamba tishio limekwisha na kwamba dunia yaweza kuamka na kuishi tena. Ya kwanza yamrudisha mtazamaji nyumbani na deni. Ya pili yampa faraja. Na katika jambo hilo Yamane ndiye aliyesema kweli, kwa maana majaribio ya Marekani katika Pasifiki hayakukoma mwaka ule. Huko Bikini yaliendelea hadi 1958. Ilipofika 2004, ndipo sinema ya Honda isiyokatwa ilipoonyeshwa kwa upana katika majumba ya sinema ya Marekani, nusu karne baada ya kutengenezwa.

Daigo Fukuryu Maru kimehifadhiwa Tokyo, katika nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1976, na kila atakaye aweza kukiona. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliye hai akitaka kuisimulia kwa niaba yake, jambo la kwanza limpasalo ni kutomwondoa maiti katika masimulizi.