Fidia Kwanza, Ndipo Mali Itwaliwe

Mnamo Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuihama nchi. Maduka, viwanda na nyumba zao zikagawanywa, na nyingi zikaangukia mikononi mwa wanajeshi.

Utawala huo ulianguka mwaka 1979, lakini deni lake likabaki. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya wenye mali kurudishiwa mali zao au kulipwa fidia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ikaweka mpaka ulio wazi. Ibara ya 26 yairuhusu Serikali kutwaa mali kwa manufaa ya umma, lakini yataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla. Mwaka 2015, katika shauri la barabara ya Hoima, Kaiso na Tonya, Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu cha sheria ya mwaka 1965 kilichoruhusu ardhi itwaliwe kabla ya malipo.

Anayetumwa kusimamia uhamishaji wa wananchi, mara nyingi, ni askari. Historia ya Uganda yaonyesha kuwa bunduki yaweza kumtoa mtu nyumbani mwake kwa siku moja, lakini haiwezi kuifuta haki yake.